Pango Alilolieleza Nakhungu

Shuleni, Bungoma
5 Juni 1950

Kukhu mpendwa,

Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya Kitale? Mimi mzima, ila njaa tu.

Mwalimu anatufundisha kutunga hadithi. Mtu wa hadithi anaitwa mhusika. Mahali mambo yanapotokea ni mandhari. Pale moyo unapokwenda mbio ndipo kilele. Nimetunga ya mtu anayewakimbia askari kwa ajili ya dini iliyokatazwa. Jina lake la kweli nimelificha, nimemwita Kimutai. Mandhari nayo mwalimu ameisifu sana: pango nyuma ya maporomoko, mlangoni mkuyu ulioanguka. Siku ya wazazi nitaisoma mbele ya Bwana DC! Nakala hii ni yako, usomewe.

Mjukuu wako,
Nakhungu

Shambani kwa mzungu, Kitale
14 Juni 1950

Nakhungu, mama yangu,

Umeamkaje, umekula? Magoti yapo, wacha hayo. Anayeniandikia ni Jelimo, mke wa jirani yangu Kemboi. Karani wa shamba simtaki tena. Hadithi yako alinisomea kwenye foleni ya posho, kwa sauti kubwa, watu wakipiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi! Mpaka akafika kwa ule mkuyu. Akaniuliza, "Nyanya, si huyu mtoto ana macho! Hapa ni wapi?" Nikasema ni uongo wa watoto. Hakucheka. Karatasi akabaki nayo.

Wewe mtoto! Umemfunika mtu jina, ukamwacha mlango wazi. Ati mandhari! Hiyo mandhari yako ndipo mwanangu anapolala. Ibadilishe leo. Mweke Chwele sokoni, mweke Lwakhakha, mweke mbinguni, si pale. Nikikushika nitakuchapa, halafu nikukumbatie mpaka mbavu zilie.

Kukhu wako

Shuleni, Bungoma
22 Juni 1950

Kukhu wangu,

Nakusalimu. Nimeichoma. Nimeandika nyingine, mandhari ni soko la Chwele. Mwalimu amesema imepoa, haina kilele, atasoma mwingine. Na asome. Kukhu, karani amesema nini tena? Kuna mtu amepanda mlimani kumwonya Baba Mdogo? Nijibu upesi.

Nakhungu

Kitale
1 Julai 1950

Mama yangu,

Mungu akushike. Nilipanda mwenyewe, siku mbili, nikidanganya ati naenda kwa mgonjwa. Pango ni tupu. Majivu yalikuwa na joto bado. Alama za buti ni nyingi, na sikuweza kujua kama mwanangu Khaemba alitoka kabla yao au pamoja nao. Karani sasa hanitazami machoni.

Usijilaumu. Pango nilikuonyesha mimi, na foleni nilisimama mimi.

Waliokamatwa hupitishwa na lori kwa ile barabara ya shule yenu. Likipita, tazama walio nyuma. Usiite. Usilie. Ukimwona, niandikie kwamba mvua imenyesha. Usipomwona, usiandike kitu. Nitakaa hapa nikiomba posta isiniletee barua.

Kukhu wako