Nimetoka Bila Kukatiwa Mlango

Mama,

Nimewahi zamu ya duka la mikate. Betri ya king'ora cha moshi nimeirudisha, kwa hiyo itoeni kabla ya kufukiza ubani jioni. Sahani ya Baba ibaki mezani, na dada yangu Morwenna asiyaguse matofaa yaliyomo eti wafu hawana meno.

Asubuhi uliponinong'oneza, "Fupisha, mwanangu, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio," nilisikia unalidharau shairi langu la kumwita Baba. Nikavuka duara la ibada bila kungoja ulikatie mlango hewani kwa kisu, kama desturi yetu inavyotaka. Morwenna akanipigia kelele, "Mchawi mzima unasusa!" Nami nikaiacha roho ya Baba njiani, Samhain yake ya kwanza, sikukuu yetu ya kuwaita wafu, tangu tumzike.

~~Ila ungeningoja ubeti mmoja tu.~~

Hapana. Nimelisoma tena hapa jikoni. Beti zote zinanisifu mimi. Baba yumo kwenye ule wa mwisho, ambao sikuufikia.

Jioni chora duara upya bila mimi. Kisu nimekipangusa, kiko kando ya mshumaa. Nitasimama ukumbini mpaka uamue kunikatia mlango. Nikiingia nitamwita Baba kwa jina lake, basi.

Nisamehe.

Mwanao,
Corin