Wigi la Picha ya Benki

Jussara shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa benki.

Unamkumbuka Bi Heloísa, anayetufundisha sisi wanagenzi? Yule aliyesema kwenye semina kwamba wateja wenye pesa zao hawaziamini nywele kama zangu? Nikazinyoosha. Kichwa kikaungua, wewe mwenyewe ukanipaka mafuta huku unanicheka.

Sasa leo wanapiga picha ya tangazo, eti "Vipaji vya Rangi Zote". Bi Heloísa huyo huyo akanikodolea macho: "Binti, lile afro lako liko wapi? Si ndilo lililotufanya tukuchague!"

Ndilo lililowafanya wanichague! Na mimi nikadhani ni alama zangu za hesabu!

Ngoja, bado. Akafungua mkoba akatoa wigi. WIGI, Jussara! La kanivali, bado linametameta. "Vaa kidogo tu, mpenzi."

Nikamvika yeye. Mbele ya mkurugenzi. Nikamwambia, "Haya bibi, sasa na wewe ni kipaji. Tabasamu!"

Na mpiga picha akapiga.

Kesho wanatangaza nani anaajiriwa. Mwambie mama yako aniwekee nafasi kwenye meza yake ya kuuzia acarajé, zile bajia zake za kunde. Huko angalau nywele zinafungwa kilemba, hazimhusu mtu.