Nafasi Niliyokuachia Pembeni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 9 Machi

Mpendwa Chapuchapu,

Hujambo mwanangu? Baridi ya bweni inakutendeaje? Na ule mguu ulioteguka kwenye ngazi umepona, au bado unachechemea? Sisi hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo lakini kelele zake ziko palepale. Mimi goti linanisumbua, na wodini tumeongezewa vitanda sita bila muuguzi hata mmoja.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikairudia. Unasema umeanguka mtihani wa dawa, utaurudia baada ya wiki tano, na ukianguka tena chuo kinakutoa. Uliandika kila neno la mwalimu, madaftari manne, na siku ya mtihani kichwa kikawa kitupu. Mwisho umesema pengine huna akili ya uuguzi. Neno hilo limeniuma, sikufichi.

Nikuambie jambo ambalo hata baba yako, kaka yangu wa tumbo moja, halijui.

Nilipokuwa mwanafunzi nami nilikuwa hodari wa kuandika. Jina la Chapuchapu umelirithi kwangu, usidhani ni lako. Asubuhi, wauguzi wa zamu ya usiku walipotukabidhi wagonjwa, nilinakili hata kikohozi cha msemaji. Siku moja daktari mgeni akaagiza sindano ya penisilini kwa mzee wa kitanda cha saba. Nikaiandaa, nikamwendea. Mzee akaukunja mkono. "Dada, hiyo mimi inanidhuru. Niliwaambia jana."

Sista, mkuu wetu wa wodi, akaomba daftari langu. Nilimpa kwa kujiamini, maana sikukumbuka kusikia habari hiyo. Kumbe ilikuwemo. Mstari wa kumi na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na chini yake nimepiga mstari kwa rula. Mkono ulikuwa kazini, masikio yalikuwa likizo.

Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alilifunga daftari akasema, "Haya, nieleze wagonjwa wako." Niliwaweza wawili kati ya kumi. Nikaangushwa mafunzo ya wodi, nikayarudia yote, na nyumbani nikasema muhula umerefushwa.

Tangu hapo sikugusa kalamu mpaka mtu amalize jambo lake, ndipo nikaliandika kwa maneno yangu, tena machache. Sista alinikataza kuandika sentensi ambayo nisingeweza kumweleza mgonjwa mwenyewe. Kila ukurasa niliupiga mstari wima, nikaacha robo tupu pembeni. Jioni ileile, kabla sijavua viatu, niliandika humo maswali: kwa nini huyu kapewa hii? Akipewa ile itakuwaje? Kisha nikafunika maelezo kwa bahasha na kujijibu kwa sauti, mwenzangu wa chumbani akidhani nimerukwa na akili. Nilipokwama nilifunua, nikarudia kesho yake, na tena baada ya siku tatu.

Wewe sasa usikimbilie kunakili upya madaftari manne. Nakujua. Hiyo ni kazi ya mkono tena. Chukua dawa mbili kwa siku, ziulize maswali, ujijibu umefunga kitabu. Wiki tano zinatosha ukijikaza.

Bila shaka umeona karatasi hii nimeiandika robo tatu tu, ukadhani macho ya shangazi yamechoka. Nafasi hiyo ni yako. Isome barua, ikunje, iweke mbali, halafu niandikie kilichobaki kichwani bila kuchungulia. Usiponielewa mahali, weka swali pembeni unirudishie karatasi yenyewe.

Baba yako anakusalimu. Habari za mtihani hana, na mimi mdomo nimeufunga. Mama yako anauliza kama sweta limekutosha. Bonge, mdogo wako, kang'oka jino na analionyesha mpaka kwa wapita njia. Mungu akutulize moyo, akupe usikivu kwanza, kalamu baadaye.

Swali moja tu usiliandike pembeni, hilo la kama una akili ya kazi hii. Ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii nimeweka daftari langu lile. Tazama mstari wa kumi na mbili, uone mwandiko wa msichana aliyekuja kuamini hana akili hiyo. Kesho saa moja asubuhi wodi nzima inakabidhiwa kwake.

Shangazi yako akupendaye,
Chapuchapu wa kwanza