Miguu Yangu Haitaki Kulala

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimekabidhi gauni la mwalimu siku mbili kabla ya ahadi. Akaligeuza, akauliza kama ni lake kweli. Fundi anayemaliza mapema! Musoma nzima haijawahi kumwona. Akasema Mungu amenijalia bidii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Bidii gani? Ni miguu.

Nikilala tu, inaanza. Si maumivu, si mwasho — siafu ndani ya mfupa, wanakwenda harusini. Dawa yake ni kuamka na kukanyaga cherehani. Basi nakanyaga. Watu wanasema Fundi Enos mchapakazi, kumbe mwenzao nautafuta usingizi tu.

Marieta analala chumba cha Recho tangu Pasaka. Binti yuko bweni, kitanda kiko wazi. Hakugomba. Alinionyesha alama ya kisigino changu kwenye paja lake, akasema, "Baba Recho, nakupendaga, ila na mimi nataka kuuona uzee." Tulicheka wote. Lakini kitanda cha sita kwa sita kwa mtu mmoja ni uwanja wa mpira. Namtaka mke wangu arudi. Ndiyo hivyo, nimeandika.

Jumatano, 4 Juni 2025

Hospitali! Nimemwambia Marieta nakwenda kununua nyuzi.

Daktari ni binti mdogo. Akauliza: inaanzaga jioni? Ukitembea inapoa? Nikadhani amewahi kulala kwetu. Wakatoa damu: madini ya chuma yako chini kabisa. Akasema ni ugonjwa unaojulikana, miguu isiyotulia, na wanaume wengi wanaukalia kimya wakidhani ni uchovu. Tena hutembea kwenye ukoo. Kahawa ya jioni niache. Vidonge nimeze, ila nisubiri wiki kadhaa kabla ya kuona tofauti.

Dirisha la dawa — aibu! Vidonge vyenyewe ni vile vyekundu vya wajawazito. Benchi zima matumbo. Mama mmoja akanisogelea akauliza, "Baba, wewe una miezi mingapi?" Wakacheka mpaka nesi akatoka kuangalia. Nilicheka na mimi, ningefanyaje?

Marieta simwambii. Miguu ikitulia nitamwita tu: njoo ulale, uone.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Shangazi Matrida amefika kutoka Guta na kuku mkononi. Ndiye aliyemlea Marieta. Anataka gauni la harusi ya jirani yake. Akapelekwa chumba cha Recho, na huko akakuta kanga za Marieta, kandambili za Marieta, Biblia ya Marieta. Hakusema kitu. Shangazi asiposema kitu, jihadhari!

Wakati wa chakula miguu ilianza, nikawa naenda mlangoni na kurudi na sahani mkononi. Akanifuata kwa macho. Kisha akamuuliza Marieta jambo kwa lugha yao, na Marieta akacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Kanisani kwaya iliimba vizuri sana, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Shangazi alikuwa ametafuta kifungo kwenye droo ya cherehani. Amekuta vidonge. Vimepangwa mezani.

"Nimezaa watoto saba, vidonge hivi nisivijue? Mimba ni ya nani?"

Nikasema ni yangu. Jibu baya! Nilicheka peke yangu.

Nikaeleza yote: daktari, damu, chuma. Shangazi akauliza tangu lini mwanaume akapewa dawa za kliniki ya wajawazito. Marieta aliuliza jambo moja tu. Kwa nini nilimwambia nyuzi? Swali hilo limeniuma kuliko makelele yote ya shangazi.

Jioni shangazi akampigia kaka yangu Keraryo, Butiama. Kikao Jumamosi. Kusuluhisha ndoa ambayo haijagombana!

Jumatano, 11 Juni 2025

Marieta ananipikia, ananisalimia, ananipigia pasi. Hanitanii. Nimegundua naweza kuishi bila usingizi, bila kutaniwa na huyu mwanamke siwezi.

Vidonge nameza hadharani. Shangazi anatazama koo langu mpaka kidonge kishuke.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Siku gani hii! Nyumba imejaa, nimejifungia chumbani niandike kabla sijasahau.

Keraryo alifika mchana na koti lake la vikao, jua kali hivi. Upande wa Marieta amekuja mdogo wake, Nicolaus, kutoka Nyasura. Shangazi akaweka vidonge katikati ya meza. Akaeleza: vyumba viwili, dawa za mimba, safari ya uongo ya nyuzi. Akieleza yeye, hata mimi nilijiona mhuni! Nicolaus akaniuliza kwa upole huyo mwanamke anakaa mtaa gani. Nikasema ni miguu. Akaendelea: huyo Miguu anakaa mtaa gani?

Keraryo akaniamuru nikae, nitulie, wazee waongee. Wakaongea. Jua likaanza kushuka. Sasa wale siafu wanajua saa kuliko mtu yeyote. Nikajikaza, jasho likanitoka, nikainuka.

"Mnaona?" shangazi akapiga kofi. "Anakimbia swali!"

Vikombe vilikuwa vinalia mezani. Lakini mimi nimesimama! Nikainama kuangalia: goti la Keraryo linatikisa meza. Tukatazamana. Kaka yangu akashusha pumzi, akainuka na yeye. Tukawa tunatembea sebuleni, mmoja anakwenda, mwingine anarudi, tunapishana penye kabati. Marieta akaziba mdomo na kanga. Mabega yanatikisika. Nikajua anacheka, na moyo wangu ukaruka.

Butiama yote Keraryo anasifika. Wezi wa ng'ombe hawajawahi kumpata amelala. Kijiji humsimamisha awafundishe vijana ulinzi. Akasema, "Mimi sijawahigi kulinda ng'ombe. Nilikuwaga naikimbia miguu." Mke wake naye alishahamia chumba kingine, akasema ni kwa sababu ya joto. Joto, Butiama! Keraryo akanyoosha mkono kuchukua vidonge. Nikamzuia: hospitali kwanza, kaka, upimwe damu.

Hapo shangazi akavisogeza vidonge pembeni. Halafu akasema marehemu mume wake alikuwa anampiga mateke usiku kucha, na asubuhi anakana. "Miaka yote ile nilijua ananichukia, hasemi tu." Akafuta macho. Nicolaus hakujua atazame wapi. Kisha shangazi mwenyewe akaangua kicheko, kikatupata wote. Nililia na kucheka, sioni aibu.

Keraryo akatangaza hakuna kesi. Marieta akasema ya kwake ipo: nyuzi. Nikasimama mbele ya watu wote. Nikasema niliona aibu mwanaume kwenda hospitali kwa ajili ya miguu, nikakudanganya, mama Recho, nisamehe.

"Nimesikia," akasema. Akaenda kuosha vyombo.

Kusikia siyo kusamehe. Kaka na Nicolaus watalala sebuleni, shangazi kitanda cha Recho, nacho kinatosha wanawake wawili. Vidonge bado havijafanya kazi hata kidogo, daktari alisema wiki kadhaa. Usiku huu sina cha kumwonyesha.

Mlango umegongwa. Ni yeye, na mto wake kwapani.

Anasema amehama, shangazi anakoroma mno. Uongo! Shangazi namsikia sebuleni sasa hivi, anamcheka Keraryo. Mguu wa kushoto umeanza, nimeukaza, ameuona. Anasema, "Uache." Amepanda upande wa ukutani, ameweka mguu wake mzito juu ya wangu, anauliza naandika nini tena, nizime taa, kesho ni misa ya kwanza, na nisi—