Kaanaeli na Ufunguo wa Siri

Mjukuu wangu Elirehema,

Marahaba. Hapa Tengeru tu wazima, na shangazi yako ameanika kahawa. Unauliza kama uufiche ulevi wako wa zamani kwa hao wanaokuchunguza kwa kazi ya siri za serikali.

Enzi za Mwingereza nilikuwa tarishi bomani Arusha. Alitafutwa karani wa kutunza barua za siri, na bwana mkubwa akawauliza watatu kama wanakunywa. Wawili waliapa hawajawahi kuonja. Binamu yangu Kaanaeli, ambaye wanawe walikuwa wakilishwa na majirani, alijibu, "Nililewa hadi kazi ikanitoka, bwana. Niliapa kuacha mbele ya wazee wa ukoo, na nimeacha."

Ndipo akaitwa Mama Ndeshi, muuza mbege, ile pombe ya ndizi, aliyewekwa nje asubiri.

"Jamani, hawa wawili walikuwa kwangu Jumamosi!" akacheka. "Kaanaeli kasema kweli, ila hakusema alivyokuwa akiimba vibaya."

Kaanaeli akakabidhiwa ufunguo wa kabati la barua za siri.

Baadaye niliacha utarishi nikawa mwandishi wa habari, na huko nimesikia viapo vya wakubwa wengi. Bado namstaajabia yeye: alipojibu, hakujua kwamba yule mama yuko mlangoni.

Babu yako