Tango kwenye Sahani ya Bi Rukia

Alhamisi. Mawingu yamejazana juu ya Kisauni tangu alfajiri na hakuna hata tone lililoanguka. Nyumba nzima ina fukuto, nami naandika haya baada ya maghribi, kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni mtu wa kushuku. Kazi yangu ni kuchapa maelezo ya mashahidi katika mahakama ya Shanzu, na miaka yote hiyo imenizoesha kudhani kwamba kila anayezungumza ameacha kitu nyuma. Hata maziwa huyanusa mara tatu kabla ya kuyatia kwenye chai.

Kwa hiyo orodha ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaani, niliishuku papo hapo. Siku ishirini na moja za kusafisha mwili. Ule tango, papai, mchicha usiotiwa nazi, uji wa mtama bila sukari, maji ya vuguvugu yenye ndimu. Uepuke ngano, sukari, nazi, vya kukaanga, chai ya maziwa na chochote kilichotoka kiwandani. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya mtu anayeuza unga wa kijani. Nilijiambia aliyeandika haya hajapata kula mbaazi za nazi maishani mwake, au amezila na hataki sisi tuzile.

Lakini mama ana presha. Baba alianguka bafuni kwa presha hiyo hiyo na hakuinuka tena. Kila nikisikia maji yakikatika bafuni mama akiwa ndani, husimama nje ya mlango mpaka nimsikie akikohoa. Nikaona heri tujaribu. Unga sikuununua, ila orodha ya vyakula tutaifuata, mimi na yeye.

Macho yake hayasomi tena herufi za simu, basi nikamsomea mimi. Kila kimoja alikiitikia kwa "naam".

Wiki ya pili miguu yake ikaanza kuvimba. Akawa anashika kichwa akiinuka kwenye mswala. Nami badala ya kuogopa, nikashuku.

Bi Rukia wa nyumba ya pili hutuletea sahani kila alasiri tangu sijazaliwa, sahani ya bati yenye maua ya buluu, imefunikwa kawa. Na hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikirudi kazini sahani imeshaondoka, lakini jikoni pananukia iliki ya mahamri. Matango nayo yalikuwa yakipungua kwa kasi ambayo watu wawili hawawezi kuyala. Hesabu nikaifunga: mama anakula mahamri ya watu, anarudisha sahani na matango yangu, kisha ananikalia mezani na uji wake wa mtama kama mtawa.

Nilianza kumchunguza. Nilitazama pembe za midomo yake kama zina mafuta. Jana nilimbusu mkono kumwamkia, na wallahi, niliunusa.

Sikunusa kitu, nikamshuku zaidi.

Leo nimetoka kazini mapema, nikapitia kwa Bi Rukia kabla ya kufika nyumbani. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza moja kwa moja mama anakula mahamri mangapi kwa siku.

"Mamako? Haonji hata moja," akasema. "Hunirudishia yale yale yangu, kayazungushia tango. Mimi nikidhani mumenikasirikia. Na meno yangu haya, tango nitalitafuna vipi?"

Nilitoka pale nimefurahi kwa hatua kama kumi hivi. Kisha nikajiuliza, ikiwa hayo mahamri hayali, miguu inavimba kwa nini?

Nilimkuta jikoni akimenya tango. Sikumwamkia. Nilishusha kopo la dawa kutoka rafuni na kulifungua. Vidonge vya presha vya mwezi huu vyote vimo, hakuna hata kimoja kilichotolewa.

"Si wewe ulonambia cha kiwandani nisile?" akasema, bila kuacha kumenya. "Nikakuuliza, vyote? Ukanambia vyote."

Ni kweli aliuliza. Nilikuwa nimeikodolea macho simu, na nilimjibu, "Vyote, mama, hakuna kuchagua."

Kwenye zahanati nilikompeleka papo hapo, muuguzi alimfunga mkono kwa mashine ya presha, akaufungua, akaufunga tena kwa sababu hakuiamini namba. Alitupa dawa ya hapo hapo, akatuweka zaidi ya saa moja, akampima upya. Ilikuwa imeanza kushuka. Akamuuliza nani alimwambia aache vidonge.

Mama akasema amesahau tu, uzee.

Siku zote hizi nimemwinda nimkamate na uongo mmoja. Nimeupata leo, nimekaa kando yake kwenye benchi, na aliusema kunisitiri mimi. Muuguzi alimweleza umuhimu wa kukumbuka, polepole, kama anayezungumza na mtoto, na mimi mwenye kosa nikatikisa kichwa kukubali.

Tumerudi. Orodha nimeifuta kwenye simu. Nimempikia wali kidogo na mchicha, chumvi nimeipunguza kama muuguzi alivyosema. Alipomaliza nilimpelekea kidonge na maji. Alikishika kiganjani, akakitazama, akanitazama mimi, kisha akakimeza.

Halafu akafungua kinywa na kunionyesha ulimi, juu na chini, nione kwamba kimeshuka.

Sikumwomba afanye hivyo.

Kumbe alijua muda wote kwamba namchunguza. Kesho asubuhi nitakapoupokea ule mkono niubusu, nitamtazamaje?