Mwendo wa Cherehani Yako

Mama watoto,

Usidhani nimeandika kwa herufi kubwa kwa kuwa macho yako yamezeeka. Huu ugonjwa wa Parkinson unataka niandike herufi ndogo kama nyayo za sisimizi, na yule dada wa mazoezi wa hospitali ameniamuru nikuze kila kitu: maandishi, hatua, hata sauti.

Mjukuu ameota meno? Binti yetu analala vizuri tangu uende kumsaidia?

Mimi sijambo, ila miguu ni mikaidi. Nikifika mlangoni inaganda kana kwamba imeshonewa sakafuni. Dada wa mazoezi alisema nifuate mdundo, akapiga makofi, wapi! Nikamwomba mkamwana akanyage cherehani yako. Maskini, anakanyaga kama anayekimbia mvua. Nilimfuata, nikaanguka. Usishtuke, paji la uso limeshapona.

Jana, dada wa mazoezi alipokuja nyumbani kunitazama, nilimwambia mkamwana aache kukanyaga. Nikasimama mlangoni nikakukumbuka unavyoshona: unakanyaga taratibu, unatua, unakata uzi kwa meno, unaendelea. Mguu ukainuka wenyewe. Nikavuka kizingiti, nikafika uani, kisha nikasimama.

"Mzee, umeganda tena?" dada wa mazoezi akauliza.

"Hapana," nikamjibu. "Mke wangu anakata uzi."

Akaningoja. Nikaendelea.

Usiharakishe kurudi, mtoto bado mchanga. Lakini siku utakayorudi, kaa kwanza kwenye cherehani, ukanyage. Usinifuate ndani. Nitakuja mwenyewe.

Mumeo